Siku moja barazani: vitabu, joto na Pluto

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko ndani ya feri ya Likoni, nimebanwa na umati, begani gunia la vitabu. Mwenda kwa miguu havuki kwa pesa, ila kwa mzigo wenye ensaiklopidia sita, bega ndilo linalolipa.

Saa mbili kasorobo nimefika barazani, hatua chache kutoka soko la Marikiti, Mombasa. Natandika turubai, nafungua makasha, kisha navinusa vitabu kimoja kimoja. Hewa ya bahari haina simile. Kitabu kikilazwa kashani wiki nzima huota ukungu. Navisimamisha wima na kurasa nimezipanua vipigwe na upepo kabla jua halijapanda, maana jua kali nalo hupausha majalada.

Riwaya siuzi. Nauza vitabu vya maarifa tu: wasifu, historia, mapishi, ufugaji wa kuku, ufundi wa umeme, na vya watoto kuhusu wanyama, mwili na sayari. Rafiki zangu husema nimejikatia riziki kwa mkono wangu. Huenda. Lakini tabu yangu hasa ni umri wa vitabu. Riwaya ya 1970 haijapitwa na kitu. Atlasi ya 1995 bado ina Zaire, haina Sudan Kusini, na Kenya yake ni ya mikoa minane, si kaunti 47. Kwa hivyo sikipi kitabu bei kabla sijakitazama mwaka. Na macho yakiwa hapo hapo, naisoma ISBN, ile nambari ya kukitambulisha kitabu: nikiona 9966, mchapishaji ni wa Kenya, 9976 au 9987, ni wa Tanzania.

Saa nne akaja mama na kijana wake wa gredi ya nne. Mtoto akachuchumaa, akafunua kitabu cha sayari, akahesabu kwa kidole.

"Ami, hiki kina makosa. Sayari ni nane."

Nikatazama: 1998. Pluto iliteremshwa cheo 2006, ikaitwa sayari kibete. Mamake hakungoja.

"Basi kibovu hicho, kakangu. Nipunguzie."

Mia mbili ikawa mia moja. Nilitaka kusema picha ya Zohali na pete zake peke yake inafika mia, nikanyamaza. Kijana alitoa penseli mfukoni, akaikata Pluto kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika 8. Mia yangu ikaniuma kidogo tu.

Saa sita nikapigia simu shule moja iliyochukua vitabu vya sayansi tangu Januari. Mhasibu hayupo. Huyo mhasibu nimeshamzoea kwa kutokuwepo.

Swala, sahani ya wali na maharage, kisha joto la saa nane ambapo hata nzi hawaulizi bei.

Saa tisa ndipo hutokea mzee wangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Yupo?"

Anamuulizia Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, yaani wasifu wake alioandika Shaaban Robert. Mzee hanunui. Husoma amesimama, kurasa nne au tano, miwani imeshikwa kwa uzi, na akikumbuka safari ya Siti kwenda Bombay 1928 kurekodi santuri, huanza kuvumisha taarabu kwa puani. Akichoka hutia njiti ya kiberiti alipofikia, akanirudishia kwa mikono miwili.

Leo bado yumo kusoma, msichana wa chuo akakiona kitabu mikononi mwake na kutoa mia tatu taslimu. Nikamwambia kimeshanunuliwa. Mzee hakuinua macho, ila alifungua ukurasa mwingine polepole kuliko kawaida.

Saa kumi na mbili nafunga. Vidonge vya nondo kila pembe ya kasha, vya watoto chini kwa kuwa majalada yao ni magumu, cha Siti juu kabisa. Nimechungulia njiti: zimebaki kurasa chache. Mzee akimaliza, sijui nitamwekea kipi.