Banda la kuku linachungulia uani kwangu
Jamani huku Uyole jirani kapandisha banda la kuku juu ya nguzo za milingoti, eti kuku wasiloe, sawa, ila akipanda kuokota mayai anaona ua wangu wote mpaka mlango wa bafu, na mwezi wa saba na hii baridi ya Mbeya ndo tunaotea jua pale na khanga tu. Mke wangu kamwambia "kaka, weka hata bati upande huu", kajibu kiwanja chake. Mjumbe kaja, kanywa chai, kaondoka. Baraza la kata nalo tangu 2021 halihukumu tena, linasuluhisha tu, likishindwa ndani ya siku 30 ndo unaenda baraza la ardhi la wilaya. Kwa banda la kuku? Napanda michongoma.