Mgeni wa Porlock

Jumapili, saa nne usiku

Alfajiri niliamka na beti mbili kamili kichwani, vina vya kati na vya mwisho vimekaa sawa. Kabla sijashika kalamu, mtoto wa jirani akapiga hodi: mama anaomba kiberiti. Niliporudi kitandani nilibaki na neno moja tu, "mnazi", na hasira.

Nikamkumbuka Coleridge, mshairi wa Kiingereza, na shairi lake "Kubla Khan". Asimulia mwenyewe kwamba mwaka 1797, katika nyumba ya shambani mpakani mwa Somerset na Devon, Uingereza, alisinzia akisoma kitabu cha safari cha Purchas, pale kinapoeleza kasri la Kubla Khan, mfalme wa Wamongolia aliyetawala China. Usingizini shairi likaja lenyewe, mishororo isiyopungua 200. Akaamka, akaanza kuandika mbio, mara akaitwa na mtu aliyetoka Porlock, kijiji cha karibu, kwa shughuli fulani, akamshikilia zaidi ya saa nzima. Aliporudi mezani, limeyeyuka. Tulichonacho ni mishororo 54.

Mgeni njoo mwenyeji apone, twasema. Huyu wa Porlock amelaumiwa miaka mia mbili, na jina lake hata hatulijui.

Mimi namtetea. Ipo nakala ya shairi kwa mkono wa Coleridge, ambayo mwishoni ameandika kwamba lilimjia katika hali ya njozi baada ya kumeza kasumba kidogo kutuliza kuhara damu. (Kasumba hasa, ile ya kumeza, si hii yetu ya kwenye fikra.) Kuhusu mgeni, kimya. Mgeni anazuka kwenye dibaji ya mwaka 1816, shairi lilipochapishwa kwa kuhimizwa na mshairi mwenzake, Byron. Miaka 19 yatosha kupata kisingizio kizuri.

Tena lisome shairi lenyewe. Laanzia Xanadu, mji wa Kubla, penye kuba la starehe na mto Alph unaopotelea mapangoni, halafu ghafla yuko binti wa Kihabeshi, ana ala ya nyuzi, aimba habari za mlima Abora. Katika ile nakala ya mkono mlima huo ni Amara, ambao wasafiri wa zamani waliuweka Uhabeshi. China na Uhabeshi katika ndoto moja! Hapo huwa naganda. Mshairi asema laiti angeweza kuufufua wimbo wa binti yule moyoni mwake, angelijenga kuba lile hewani. Laiti. Basi wimbo ulishampotea ndani ya shairi, mgeni hajabisha.

Jina Xanadu limezurura sana tangu hapo: jumba la tajiri katika filamu ya Citizen Kane (1941), kisha mradi wa Ted Nelson wa kuunganisha maandishi kwenye kompyuta, ulioanza 1960 ukakaa miongo kadhaa bila kukamilika. Magofu ya mji wenyewe, Shangdu kwa Kichina, yako Mongolia ya Ndani, China, na UNESCO iliyatia kwenye urithi wa dunia mwaka 2012.

Jioni mtoto akarudisha kiberiti, njiti zimebaki tatu. Nilitaka kumgombeza. Ila nilipoamka alfajiri, kabla hajaja, nilikuwa nimeshika simu kama nusu saa hivi.