Kuhamisha biti (mdundo wa muziki) kutoka Windows kwenda Mac
Kabla hujaiaga Windows, toa kila traki peke yake kama WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya bit 24, zote zianzie sifuri, hata kama kinanda kinaingia dakika ya pili. Ukikata ule ukimya wa mwanzo, huko mbele hazitapangika. Tempo (kasi ya mdundo) iandike kwenye jina la folda.

Mradi wa FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, unafunguka pande zote mbili. Plagini za Windows (programu ndogo za ala na efekti zinazoongezwa ndani yake) ndizo hazihami. Tafuta toleo la Mac la kila moja (zile za bure za zamani, mara nyingi halipo).

Diski yenye mfumo wa faili wa Windows, NTFS, Mac huisoma tu, haiandiki. Tumia exFAT, mfumo unaoandikika pande zote mbili, ila umeme wa Kirumba, Mwanza, ukikatika katikati ya kunakili, faili zinaweza kuharibika. Nakili kwa laptopu yenye chaji.

ASIO, draiva ya sauti ya Windows, isahau; Mac ina yake, Core Audio. Bafa (sampuli za sauti kompyuta inazochakata kwa mkupuo) weka 128 ukirekodi, 512 ukimiksi.