Siku moja na mvurugaji wangu

Saa 12 asubuhi. Wandegeya, rolex mkononi, yaani chapati iliyoviringwa na mayai, imefungwa kwa karatasi ya daftari la hesabu, na mwenye daftari kakosa zote. Bodaboda wangu anauliza kazi yangu ni nini. Nikisema jamu, Kampala nzima hudhani mimi ni trafiki.

Saa 2. Maabara. Jamu yangu ni ya mawimbi. Setilaiti ya mawasiliano huning'inia karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na sauti yake hufika hapa hafifu kiasi kwamba mtu mwenye kirusha mawimbi kidogo karibu na dishi anaweza kuifunika kwa makelele. Huyo ndiye mvurugaji. Kupandisha nguvu hakusaidii sana, maana setilaiti inaishi kwa jua na betri. Kinachobaki ni kuwa pale ambapo mvurugaji hayupo.

Kwa hiyo kompyuta yangu ina wachezaji wawili, setilaiti na mvurugaji, wanaochagua chaneli kwa wakati mmoja bila kuonana, faida ya huyu ikiwa hasara ya yule. John von Neumann alithibitisha mwaka 1928 kwamba katika mchezo wa aina hii kila upande una mchanganyiko wake bora. Chaneli A inapitisha megabiti 4 kwa sekunde, B inapitisha 2, na inayovurugwa haipitishi kitu. Ungetumia ipi zaidi? Mimi nilisema A. Hapana: A mara 1 kati ya 3, B mara 2. Hapo avuruge yoyote, wastani wako ni 1.33. Ukigawa nusu kwa nusu, anapiga kambi A, unabaki na 1.

Saa 7. Matoke na mchuzi wa karanga. Umeme umekatika.

Saa 9. Umerudi. Mvurugaji ananinyuka karibu kila raundi, na hesabu ni sahihi! Nimezikagua mara tatu.

Saa 11. Getini kwa Afande, mlinzi wetu, zamani mtu wa redio jeshini. Tunacheza kokoto: akificha mkono wa kulia nisipate, nampa 4,000, wa kushoto, 2,000. Nikakisia kulia mara mbili, kumbe kushoto. Nilipohamia kushoto, likawa kulia.

"Wewe unavizia penye pesa," akasema, akicheka.

Nikamweleza masaibu yangu. Akanyamaza kidogo.

"Sisi tulibadili masafa kwa jedwali. Jedwali likiibwa, binti yangu, mnahama na adui yuko pamoja nanyi."

Nikapanda ngazi mbiombio.

Saa 1 usiku. Nimelipata. Wiki iliyopita, kwa majaribio, niligandisha kwenye 7 namba ambayo kompyuta huanzia kuchagua kwa bahati nasibu. Kila raundi setilaiti ilirudia mfuatano uleule wa kuruka kati ya chaneli, na mvurugaji alikwisha kuukariri. Nimeiondoa hiyo 7, wastani 1.32.

Ila sasa hata dishi langu la ardhini halijui setilaiti itarukia wapi. Inabidi wawili hao wagawane siri, na sijaandika hata mstari mmoja wa hiyo.

Saa 3. Afande ananidai 8,000.