Mwiko nyuma ya mlango

Leo nikifagia chumbani kwa wazee nimeukuta mwiko nyuma ya mlango. Umekaa hapo mwezi wa pili huu. Baba alikuwa akijikunia mgongo usiku kucha, sisi tunamsikia, tunajifanya tumelala. Macho manjano, mkojo kama chai ya rangi, lakini ukimuuliza anaumwa wapi, hapaoni.

Manjano bila maumivu, kwa mtu wa miaka 64 aliyekonda! Picha ya CT ilipotoka, neno saratani tuliambiwa koridoni, tumesimama. Mama hakulia. Aliuliza hati ya shamba iko wapi.

Daktari wa pili aliitazama picha ile ile, tena kwa muda mrefu. Kongosho, kile kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, lilikuwa limevimba lote, kama soseji, na mrija wake wa ndani umesinyaa. Saratani, alisema, mara nyingi hukaa sehemu moja na kuuziba mrija, ukatanuka. Akaagiza damu ipimwe IgG4, aina mojawapo ya kingamwili. Ikaja juu sana. Hata hivyo alichukua kinyama kwa sindano, maana saratani nayo yaweza kuipandisha kidogo. Kumbe wapo waliokatwa kongosho, ndipo maabara ikasema saratani haikuwepo. Jina la ugonjwa huu, kwa Kiingereza autoimmune pancreatitis, lilipendekezwa Japani mwaka 1995. IgG4 ikahusishwa nao 2001. Juzi tu.

"Kinga ya mwili wako ndiyo inayolishambulia kongosho," daktari alimweleza.

Baba akafikiri. "Limeikosea nini?"

Jibu hakupewa, kwa sababu halipo.

Alichopewa ni prednisoloni, dawa ya kuituliza kinga hiyo, miligramu 40 kila asubuhi: vidonge vinane vidogo, Mama anavihesabu kwenye kisosi. Wiki ya pili kuwashwa kukaisha. Picha ya mwezi uliofuata, kongosho limenywea. Nilifurahi, halafu nikaona hasira: vidonge vya bei ya vocha, na sisi tulishaanza kugawana shamba kichwani.

Dawa hiyo imempandisha sukari, kwa hiyo ugomvi wa chai ni wa kila siku. Dozi inashushwa polepole, na ugonjwa huu una tabia ya kurudi inapopunguzwa. Ndiyo maana kila asubuhi Mama humvuta Baba dirishani, amkague weupe wa macho.

Nimemuuliza kama niurudishe mwiko jikoni.

"Nani atasongea ugali huo? Uache hapo hapo."

Nimeuacha.