Tulivyokubaliana majina ya diski na printa dukani kwetu

Sekretariati yetu ya Kamalondo, hapa Lubumbashi, inachapa, inatoa fotokopi na kuwatunzia wanafunzi kazi zao. Chini ya meza kuna kompyuta moja ya Debian, aina mojawapo ya mfumo wa Linux, inayobeba kila kitu. Diski zake nilizoea kuziita kama mfumo unavyoziita: sda, sdb, sdc. Kila usiku skripti yangu, yaani orodha ya amri zinazojiendesha zenyewe, ilifungua sdc kama diski ya akiba, ikanakili humo kazi za siku, na kufuta chochote ambacho hakikuwa kwenye diski kuu.

Sasa, ile herufi ya mwisho si ya diski. Linux huigawa kwa jinsi vifaa vinavyoonekana kompyuta inapowaka, na zamu inaweza kubadilika. Jioni moja umeme ulikatika, na mwanafunzi mmoja alikuwa ameacha diski yake imechomekwa. Uliporudi, ya kwake ikawahi kuwa sdc, ya kwetu ikawa sdd. Usiku skripti ikafanya kazi yake bila kulalamika.

"Patron, TFC yangu iko wapi?" aliniuliza asubuhi. Kazi nzima ya kumalizia masomo! Siku mbili nilikaa na PhotoRec, programu ya kurudisha faili zilizofutwa. Faili nyingi zilirudi, ila programu ile hufukua yaliyomo tu, majina haiyarudishi: f0482176.docx, f0482944.docx, mamia ya namna hiyo. Tulizifungua moja moja, yeye kando yangu kwenye benchi, mpaka sura tatu zikapatikana. Ya nne aliiandika upya, nami nikamchapia kazi yote bure.

Ndipo tukaketi watu watatu. Yaya, mwenye duka, alitaka kila diski iitwe kwa kampuni iliyoitengeneza. Dada wa kaunta alitaka rangi. Mimi niling'ang'ania UUID, ile namba ndefu ambayo diski mbili hazigongani nayo. Yaya akaitazama: alama 36. "Umeme ukikatika na weye uko Katuba, hii nitakusomea kwa simu namna gani?" Hapo alinishinda.

Tukakubaliana jina litaje kazi ya kitu, herufi ndogo, bila nafasi. Kampuni tuliikataa kwa sababu diski hufa, na itakayofuata huenda ikawa ya wengine. Jina la kwanza lilikuwa akiba-ya-wanafunzi. Lebo, yaani jina linaloandikwa ndani ya diski, kwenye ext4 (mpangilio wa faili tunaoutumia) hubeba baiti 16 tu, hapa herufi 16, kwa hiyo ikatoka "akiba-ya-wanafun", na dada wa kaunta akacheka siku nzima. Sasa ni akiba-ndani na akiba-nje. Kwenye fstab, faili inayoiambia Linux ifungue diski zipi, nimeandika LABEL=akiba-nje pamoja na nofail, ili kompyuta iwake hata diski isipokuwepo. Skripti nayo hukagua kwanza kama diski imefunguliwa kweli kwenye folda yake. Kama sivyo, inaacha. Ukaguzi huo ulipaswa kuwepo tangu mwanzo, na kutouweka ni kosa langu.

Printa za risiti zilinisumbua zaidi. Ni mbili, aina moja, wala hazina namba ya pekee ndani yake. Linux huzipa majina lp0 na lp1: leo printa moja ni lp0, kesho ni lp1, na risiti ya mteja wa kushoto inatokea kulia. Kilichobaki cha kuzitofautisha ni tundu la USB. Kadi za mtandao pia zinaweza kuitwa hivyo, kwa mahali zilipo: tangu toleo la 197 la systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux) la mwaka 2013, kadi iliyoitwa eth0 inaweza kuitwa enp3s0. Nikaandika kanuni ya udev, sehemu ya Linux inayovipa vifaa majina, inayofuata tundu, tukapata risiti-kushoto na risiti-kulia. Dada wa kaunta akapaka tundu moja rangi ya kucha, nyekundu, ili atakayefagia asizibadilishe.

Jumatatu Yaya alileta diski mpya ya akiba. Juu yake, kwa kalamu nene, alikuwa ameshaandika: NJE 2.