Silinda ya Remington 1858 ilivyokuwa inakwama, na dawa yake
Baada ya milio 12 hivi, silinda ya bastola hii ya baruti nyeusi, kaliba .44, ilikuwa haizunguki. Chanzo ni masizi kuganda kwenye mhimili (pini ambayo silinda huizunguka), ambao ni mwembamba na hauna mifereji ya kushika grisi kama ule wa bastola ya Colt 1860.

Hakikisha vyumba vyote vya silinda (matundu ya kupakia baruti na risasi) ni vitupu, chomoa mhimili, ufute, upake nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya kondoo. Oili ya injini usiiguse kabisa: ikiungua na baruti hugeuka lami. Kati ya baruti, greni 25 (gramu 1.6 hivi), na goroli (risasi ya duara) ya inchi .454 weka kisahani cha sufu kilicholoa mchanganyiko huohuo. Ukishindilia, goroli ikimenyeka kipete chembamba cha madini ya risasi, chumba kimeziba. Kila milio 6, futa uso wa silinda kwa kitambaa kibichi.